Brashi ya nguruwe haiivii dukani

Malalamiko ni yale yale kila mtu anaponunua brashi yake ya kwanza ya kunyolea ndevu, ile ya nywele za nguruwe. Inachoma kama fagio la chelewa. Inanuka banda. Unaizungusha kwenye sabuni, povu linajaa vizuri, unageuka kuchukua wembe, ukijitazama tena kwenye kioo povu limekwisha. Wengi huishia hapo: brashi inawekwa dirishani inaota vumbi, na mtu anarudia kopo lake la povu la kubonyeza.

Mimi pia nusura niitupe yangu. Aliyeniokoa ni mzee mmoja kinyozi wa Moshi, ambaye bado anapaka povu kwa mkono wakati vijana wa saluni za jirani wameshahamia kwenye mashine. Alinipokea brashi, akazibonyeza ncha kwa kidole gumba, akainusa, akanirudishia. "Mwanangu, hii bado mbichi. Usiihukumu leo."

Mbichi ndilo neno lenyewe, na tangu siku ile sijapata lililo bora zaidi. Brashi ya namna hii hutoka kiwandani kazi ikiwa imefanyika nusu. Nusu ya pili hufanywa na maji, sabuni na hewa, nyumbani kwako, kwa wiki kadhaa. Ukilielewa hilo utajua cha kutazama unaponunua, na utajua pia kwa nini siku za mwanzo hazina budi kuwa mbaya.

Tuanze na unywele wenyewe. Nywele zinazofaa hutoka mgongoni na shingoni mwa nguruwe, ambako ndiko ziliko ndefu na ngumu zaidi. Unywele mmoja ni mnene upande wa shina, unapungua unene kadiri unavyokwenda juu, na ukifika nchani hauishii kwa sindano moja. Unagawanyika matawi mawili, matatu, wakati mwingine zaidi. Kama simu yako ina kamera nzuri, weka ncha chache juu ya karatasi nyeusi, piga picha kwa karibu kisha uikuze. Utaona herufi Y nyingi ndogo ndogo.

Basi brashi nzima ni ndoa ya vitu viwili hivyo. Shina gumu ndilo linalochota sabuni na kuinua ndevu zilizolala. Matawi membamba ya nchani ndiyo yanayogusa ngozi. Katika brashi mpya matawi ni mafupi na mengi bado yameshikana, kwa hiyo uso unapokea ugumu wa shina bila ulaini wa ncha. Kila unapoilowesha, unywele hunywa maji na kuvimba. Kila inapokauka, husinyaa. Kuvimba na kusinyaa huko, pamoja na kusuguliwa kwenye sabuni na usoni, huzichana ncha kidogo kidogo, na kila mchano mpya ni unyuzi mwingine mwembamba.

Aliyewahi kutumia mswaki wa mti ameshaifanya kazi hii kwa meno yake. Kijiti kipya ni kigumu, kinachubua ufizi. Unakitafuna, unakilowesha, unakitafuna tena, nyuzi zinaachana moja moja, mpaka ncha inakuwa laini ilhali kijiti chenyewe kimebaki imara mkononi. Kwenye brashi, meno ni maji na hewa. Na ulinganisho huu haukutoka mbali: miswaki ya kiwandani yenyewe ilikuwa ikitengenezwa kwa nywele za nguruwe kwa miaka mingi, hadi nailoni ya kampuni ya DuPont ilipoingia sokoni mwaka 1938.

Brashi za bei ya juu hutumia nywele za melesi, mnyama wa Ulaya na Asia aliye wa ukoo mmoja na nyegere wetu. Hizo ni laini tangu siku ya kwanza, maana ncha zake kwa asili ni nyembamba mno. Hushika maji katikati ya unywele na unywele, wakati nywele ya nguruwe huyanywa ndani yake yenyewe. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayofanya brashi ya melesi ichovywe tu na kutumika, na ya nguruwe ilazimu kulowekwa. Ndiyo pia inayoeleza povu linalotoweka, nami nitalirudia.

Kabla ya kufika dukani, kuna jambo la kusemwa wazi. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea zaidi pwani yetu, nguruwe ni najisi pamoja na nywele zake, na kukauka kwa unywele au kuchemshwa kiwandani hakuubadilishi hukumu. Kwa Mwislamu anayefuata njia hiyo, brashi hii si yake, na ni haki yake kujua anachouziwa. Tatizo ni kwamba paketi nyingi hazitaji nguruwe hata mara moja. Zimeandikwa "pure bristle" au "natural bristle" na basi. Kwenye brashi ya kunyolea, maneno hayo maana yake ni nguruwe. Kwenye brashi za Italia utaona "setola", kwenye za Ureno "cerda", na maana ni hiyo hiyo. Baadhi hupakwa rangi mstari mweusi katikati ya nywele ili zifanane na melesi, kwa hiyo usiamini macho peke yake.

Ukiwa na shaka, ng'oa unywele mmoja uuchome kwa kiberiti. Unywele wa mnyama hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu linalovunjika vidoleni. Wa plastiki huyeyuka ukawa kishanga kigumu. Kipimo hicho hakitakuambia ni mnyama gani, lakini kitakutenganishia plastiki na mnyama. Na plastiki ya siku hizi si ya kudharauliwa hata kidogo: brashi za nyuzi za kutengenezwa ni laini, hukauka upesi, na hazina siku za ubichi. Kama imani yako inakuzuia nguruwe, hukupoteza kunyoa vizuri.

Sasa tuchague. Sehemu kubwa ya nywele za nguruwe zinazoingia kwenye brashi duniani hutoka China, na mji wa Chongqing umekuwa na jina katika biashara hii kwa muda mrefu. Nguruwe wa Ulaya wa ufugaji wa kisasa huchinjwa wakiwa wadogo, nywele zao hazijapata urefu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia nywele hizi zilihesabiwa kuwa bidhaa ya kivita, kwa kuwa jeshi lilihitaji brashi za rangi kwa meli na mitambo. Ndege za Marekani zilizopeleka shehena China kwa kuvuka milima ya Himalaya zilirudi zimebeba madini ya tungsteni, bati na marobota ya nywele za nguruwe.

Brashi zenyewe, zile ambazo ningemshauri mtu azitafute, hutengenezwa zaidi Italia na Ureno. Omega ya Bologna ipo tangu 1931, na brashi zake ndefu za vinyozi ndizo utakazoziona kwenye saluni nyingi za Kiitalia. Semogue ya Ureno ilianza 1955, mipini yake mingi ni ya mbao iliyopakwa rangi. Wote wawili huuza kwa bei ambayo ni sehemu ndogo tu ya bei ya melesi, na hiyo ndiyo raha ya nguruwe: brashi nzuri kabisa haikuachi bila nauli.

Kuna namba moja inayowachanganya wanunuzi, ile asilimia inayoandikwa kando ya ubora: 75, 90, 95. Watu hudhani ni asilimia ya nywele halisi, kwamba zilizobaki ni bandia. Sivyo. Ni kipimo cha nywele zilizo na urefu kamili ndani ya kishungi, yaani lile fungu la nywele lililofungwa kwenye mpini. Nywele fupi hujaza shina tu na hazifiki juu, kwa hiyo namba ikiwa ndogo, kishungi kinakuwa kinene chini na chembamba juu. Namba ikiwa kubwa, ncha ni nyingi, uso unapata nyuzi nyingi za kuugusa. Kama pesa inaruhusu kuongeza kitu kimoja tu, ongeza hapo. Mpini mzuri haunyoi.

Kisha vipimo. Kipenyo cha kishungi pale kinapochomoza kwenye mpini kwa kawaida ni milimita 22 hadi 28. Urefu wa nywele kutoka hapo hadi nchani ndio muhimu zaidi kwa nguruwe, na ndio watu wanaousahau. Kwa kuwa unywele ni mgumu, ukiwa mfupi hauna pa kupindia, unakusukuma usoni kama kijiti. Ukiwa mrefu unapinda. Anayepiga povu kwenye bakuli anaweza kuchukua ya milimita 60 au zaidi bila wasiwasi. Anayepiga povu usoni moja kwa moja ataipenda yenye 50 hadi 55, kwa sababu ndefu mno humtawanyikia mpaka masikioni. Kwa brashi ya kwanza ningeegemea upande wa urefu. Inasamehe makosa.

Ukiwa na brashi mkononi, angalia ncha. Zinapaswa kuwa na rangi hafifu kuliko shina, kama zimepauka kidogo, na ukizipitisha mgongoni mwa mkono usikie msisimko wala si mkwaruzo wa ukingo uliokatwa. Viwanda vya ovyo huzipunguza ncha kwa mkasi ili kichwa kiwe na umbo zuri, na mkasi ukishapita matawi yote ya asili yameondoka. Hiyo haitaiva hata uiloweshe mwaka mzima. Halafu shika nywele chache uzivute polepole. Moja au mbili kutoka si kitu. Zikija kwa mafungu, gundi ni mbaya, iache dukani. Harufu isikutishe. Harufu inaondoka.

Nigusie usalama wa brashi za zamani, maana wapo wanaozipenda za mitumba. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wanajeshi na raia wa Uingereza na Marekani walipata kimeta usoni na shingoni kutokana na brashi mpya za kunyolea. Nyingi zilikuwa za nywele za farasi zilizofanywa zifanane na melesi, zikaingia sokoni bila kusafishwa ipasavyo baada ya vita kuvuruga njia za kawaida za biashara. Mfugaji yeyote wa kwetu anaijua kimeta, na anajua mbegu zake zinavyoweza kukaa muda mrefu bila kufa. Tangu hapo nywele za brashi huchemshwa na kuuliwa vijidudu kabla ya kufungwa. Brashi mpya ya kiwanda kinachojulikana haina hofu hiyo. Ya mnadani ya miaka ile, iweke kabatini kama pambo.

Umefika nyumbani nayo. Siku ya kwanza usinyoe. Ioshe kwa shampuu au sabuni ya kawaida na maji ya vuguvugu, uisuuze, urudie mara mbili. Kisha piga povu zito la sabuni ya kunyolea kwenye kiganja, liache humo saa moja, usuuze, ukamue, uiache ikauke kabisa. Harufu ya banda itakuwa imepungua nusu. Baada ya mara nne au tano huisikii tena isipokuwa uipeleke puani.

Maji yawe ya vuguvugu, yale unayoweza kumwogeshea mtoto. Maji yanayochemka ni adui: huharibu unywele na kulegeza gundi. Na usiilaze kwenye maji usiku kucha, ushauri ambao watu hupeana kwa nia njema. Maji hupanda kwa ndani mpaka kwenye gundi, na mpini wa mbao hupasuka rangi. Kinachochana ncha ni kule kulowa na kukauka kwa zamu. Brashi iliyolala majini kwa muda wa saa nane imelowa mara moja tu.

Kwa hiyo utaratibu ni mfupi. Kila unapotaka kunyoa, simamisha brashi kwenye kikombe, maji yafunike nywele bila kuugusa mpini, dakika tatu hadi tano. Huo ni muda wa kunawa uso na kuziacha ndevu nazo zilowe, maana unywele wa ndevu uliokunywa maji hukatika kirahisi zaidi. Itoe, ikamue kidogo, izungushe kwenye sabuni nusu dakika au zaidi. Sabuni iwe nyingi kuliko unavyodhani inatosha. Kisha ongeza maji matone machache machache unapopiga povu.

Na sasa lile povu linalotoweka. Halikupotea, limenyweka. Unywele ambao haujashiba maji huyavuta kutoka kwenye povu, na povu likinyang'anywa maji linakuwa kama unga, linakauka usoni. Ndiyo maana kulowesha kwa kuchovya tu, kama ufanyavyo na melesi, hakufai hapa. Wiki mbili za mwanzo utalazimika kurudi kwenye sabuni kati ya mkupuo mmoja wa wembe na mwingine. Usikasirike. Rudi tu, ongeza sabuni, ongeza matone matatu, endelea.

Wenzetu wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi wana shida ya ziada, kwa sababu maji magumu huigeuza sabuni kuwa ukoga mweupe badala ya povu, na ukoga huo huganda shinani mwa brashi. Kinga maji ya mvua lita chache kwa kazi hii, yanatosha wiki nyingi. Na kila baada ya miezi michache iloweke brashi dakika tano kwenye maji yaliyotiwa siki kidogo, kijiko kimoja kwa vijiko tisa vya maji, kisha uisuuze sana.

Kukauka ndiko kunakosahaulika, na kwa mtu wa Dar, Tanga au Mombasa ndiko kugumu. Kule Moshi brashi yangu ilikuwa kavu kufikia kesho yake asubuhi. Nilipohamia Dar, masika, niliiacha bafuni kama nilivyozoea. Siku ya tatu shina lilikuwa bado na ubaridi wa maji, na harufu niliyodhani nimeizika ikawa imerudi, safari hii ya ukungu. Bafu lisilo na dirisha haliikaushi brashi, linaitunzia unyevu. Siku hizi naikung'uta kwa nguvu mara kumi, naifuta kwenye taulo kavu huku naizungusha, kisha naisimamisha kwenye dirisha la jikoni, kivulini penye upepo. Jua kali silipendi kwa ajili ya mpini. Na nina brashi mbili, moja inafanya kazi, moja inapumzika siku nzima. Hazikuwa anasa, zilikuwa njia ya kuipa kila moja muda wa kukauka hadi ndani. Brashi ikishaota madoa meusi shinani, hiyo iage.

Lililobaki ni ngozi yenyewe, na hapa nawasemea hasa wenye ndevu za kipilipili. Ndevu zinazojikunja zikikatwa karibu sana hurudi na kuchoma ngozi kwa ndani, ndipo vinapotokea vile vipele vya kidevuni na shingoni. Brashi ya nguruwe inaweza kumsaidia mtu wa namna hii, kwa sababu inaziinua ndevu kabla ya wembe na kuzilainisha kwa povu lenye maji. Lakini brashi mbichi juu ya vipele vilivyovimba ni kujiumiza. Penye vipele usizungushe. Paka kwa kwenda na kurudi, kama anayepaka chokaa ukutani, kwa ncha tu. Nyoa kwa kufuata mlalo wa ndevu, mkupuo mmoja au miwili, bila kuivuta ngozi. Vikiwa na usaha, pumzisha uso na umwone daktari wa ngozi. Na brashi iwe yako peke yako: unywele wenye matawi hubeba uchafu wa uso mmoja hadi mwingine, na saluni inayotumia brashi moja kwa wateja wote haifai, hata kama povu lake ni zuri namna gani.

Itachukua muda gani? Yangu ya kwanza ilianza kubadilika kwenye mara ya kumi hivi, na kwenye ya ishirini ilikuwa brashi nyingine. Dalili zilionekana kabla sijazisikia usoni. Ilipokauka haikurudi tena kwenye umbo lake jembamba la dukani, ilibaki imefunguka kama ua. Ncha zilipauka zaidi, zikapata unyoya ambao vidole vinausikia kabla ya macho kuuona. Zilianza pia kushikana kidogo zikiwa zimelowa, ukizikamua zinanata kama pamba iliyolowa.

Niliporudi Moshi kwa Krismasi nilimpelekea mzee. Aliilowesha kwenye kikombe chake cha bati, akasubiri bila kusema neno, akapiga povu kidevuni mwangu, akanyoa mikupuo miwili, akapaka tena kutoka brashi ile ile bila kugusa sabuni. Povu lilitosha. Aliisuuza, akaikung'uta mlangoni, akaisimamisha kwenye ukingo wa dirisha kando ya yake.